Muulize Anti: Nilikunywa P2, nikaona damu, sasa siku zangu zimegoma

SWALI: Anti shikamoo. Nina miaka 23, siku zangu huwa hazinisumbui, kila baada ya siku 28 naziona. Mara ya mwisho niliingia tarehe 24 mwezi uliopita. Tarehe 5 mwezi huu nilikutana na mpenzi wangu bila kinga, kesho yake nikanywa P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Tarehe 11 nikaona damu nyeusinyeusi ya siku mbili, hata pedi haijai, nikajua nimepona. Tarehe 14 tukakutana tena ila sikunywa kitu maana nilishakunywa. Siku zangu zilitakiwa zije tarehe 21, leo ni 27 kimya, na matiti yanauma. Nilipima mkojo tarehe 22 ukaja mstari mmoja. Hii ni mimba au ni P2? (Binti mwenye wasiwasi, Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikupongeze kwa kuandika tarehe, maana wengi wananiandikia tu "Anti nimechelewa" halafu ukimuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini anakwambia kama katikati ya mwezi hivi.

Sasa tuhesabu. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayokuja, kwa hiyo la kwako lilitarajiwa tarehe 7 hivi, na mbegu za kiume zinaweza kukaa hai mwilini hadi siku 5, yaani tarehe 5 ulikuwa katikati ya siku za hatari kabisa. P2 kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, haitoi mimba iliyokwisha kuingia na wala haikaushi kizazi kama wanavyosema mtaani. Ikilikuta yai bado halijatoka inalisubirisha, ikilikuta liko mlangoni inaweza kushindwa.

Ile damu ya tarehe 11 haikuwa hedhi yako. P2 ni dozi kubwa ya homoni, inavuruga mzunguko, kwa hiyo matone katikati ya mwezi baada ya kuinywa ni kawaida tu. Lakini hayasemi una mimba wala huna! Hapo ndipo mabinti wengi mnapokwama, mnaona damu mnashangilia, wakati hata mwenye mimba changa anaweza kuona vitone. Matiti nayo siyo ushahidi, yanauma kwa mimba, kwa P2 na kwa hedhi inayokaribia.

Kuchelewa siku 6 baada ya P2 bado kunaweza kuwa ni dawa yenyewe, hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa mpaka wiki. Ila kinachonitia wasiwasi mimi ni tarehe 14. Dawa ya tarehe 6 haikulindi tarehe 14, na mbaya zaidi kama ilifanikiwa kulisogeza yai mbele basi lingeweza kutoka siku zilezile ulizojiona uko salama. P2 ni ya tendo lililopita, la mbele yake haihusiki nalo.

Kwa hiyo usihesabu kuanzia ile damu, hesabu kuanzia tendo. Mkojo unatoa jibu la kuaminika wiki 3 baada ya kukutana. Ulipopima tarehe 22 zilikuwa siku 17 tu tangu lile tendo la kwanza, na 8 tangu la pili, ulikuwa mapema mno. Pima kesho asubuhi, na ukikuta mstari mmoja rudia mwanzoni mwa mwezi ujao ambapo wiki 3 za tendo la pili zitakuwa zimetimia. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, angalia tarehe ya kuisha muda kwenye pakiti, chovya kipimo bila kupita ule mstari ulioandikwa MAX, kisha soma ndani ya dakika zilizoandikwa, sio unakiacha dirishani unaenda kazini ukirudi jioni unaona kivuli cha mstari wa pili unaanza kulia.

Ukipata maumivu makali ya tumbo la chini hasa upande mmoja, kizunguzungu, au bega kuuma bila sababu, usisubiri tarehe yoyote, nenda hospitali muda huohuo, huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na hiyo inaua. Na mpaka ujue, kondomu.

SWALI: Anti, mtoto wangu ana miezi 8, ananyonya na uji anakula. Hedhi sijaiona tangu nijifungue. Wifi anasema nikinyonyesha sishiki mimba, kweli? (Mama K, Kahama)

JIBU: Wifi kasema nusu. Kunyonyesha kunazuia mimba vizuri kama mtoto hajafika miezi 6, anakula maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi, yote matatu kwa pamoja. Wako ana miezi 8 na uji juu. Isitoshe yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, ndiyo maana kuna akina mama wanabeba mimba nyingine bila kuona hata tone. Kama mnakutana bila kinga pima mkojo wiki hii, ukiwa huna kitu nenda kliniki ukachague njia, kijiti, kitanzi na sindano ya miezi 3 vyote vinaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Ila ukichagua sindano ujue hedhi inaweza kupotea kwa miezi kadhaa, usije ukaniandikia tena kwa presha.