Jibu: Vita vya Brunanburh vilipiganiwa wapi hasa?

Mkuu, umeuliza kwa nini hadi leo wanabishana vita vya Brunanburh vya mwaka 937 vilipiganiwa wapi. Shida ni kwamba shairi la kale linalovisimulia linahesabu maiti (wafalme vijana 5, majemadari 7 wa Olaf, mfalme wa Waviking wa Dublin) lakini mahali linataja jina tu, basi. Kura yangu naipa Bromborough, kwenye rasi ya Wirral, pwani ya magharibi ya Uingereza. Jina lake la zamani linaoana na Brunanburh, na Olaf alipochapwa na Athelstan, mfalme wa Waingereza, alikimbilia merikebuni kurudi Dublin, ng'ambo ya bahari hiyohiyo. Wanaotaja mto Humber wanamtegemea mtawa aliyeandika karne ya 12. Humber iko mashariki mwa Uingereza, jamani! Mtu wa Dublin aizunguke Uskoti yote ya nini?