Aliyevuka mstari kwanza ndiye aliyeshindwa?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini kwenye ile video ya Marekani ya mbio za drag, magari mawili kwenye njia fupi iliyonyooka, aliyetangulia kuvuka mstari wa mwisho hakupewa ushindi. Hakuibiwa. Hizo ni mbio za kutaja muda.

Tuseme tuko hapa Kirumba, Mwanza, wewe na IST yako, mimi na Subaru. Kabla ya kuanza kila mtu anaandika kwenye kioo muda anaodai gari lake litatumia: wewe sekunde 17.00, mimi 13.50. Basi taa yako ya kijani inawaka sekunde 3.5 kabla ya yangu. Nikikupita lakini saa ikasoma 13.42, nimekwenda haraka kuliko nilivyosema, ushindi ni wako, isipokuwa kama na wewe umepita chini ya muda uliotaja kwa tofauti kubwa kuliko yangu. Ndiyo maana unaona mtu anakanyaga breki mita chache kabla ya mstari.

Mbio za ana kwa ana, zisizo na kutaja muda, ni nyepesi: taa moja kwa wote, wa kwanza kufika kashinda. Ila saa huanza gari linapoondoka, si taa inapowaka. Mimi nikisinzia sekunde 0.30 baada ya kijani nikatumia 13.45, jumla 13.75. Wewe, tuseme sasa una gari jingine, ukisinzia 0.05 ukatumia 13.60, jumla 13.65. Gari langu lina kasi zaidi, lakini umeshinda wewe! Ukitoka kabla ya kijani, taa nyekundu, kwisha habari.

Bodaboda wanaofukuzana kutoka Buzuruga hawana taa wala saa, ndiyo maana wote ni mabingwa.