Asilimia ndogo ndizo zinazowaponza watoto

Mpe mtoto wa Gredi ya 7 50% aigeuze iwe desimali, hatakusumbua: 0.5. Hata 25% ataiweza. Sasa mpe 5%. Wengi ninaowafundisha jioni hapa Majengo huandika 0.5 tena, bila wasiwasi wowote, kwa kuwa wamekariri kwamba "unaweka nukta mbele". Mzazi anayetaka kusaidia nyumbani na aanzie hapo, kwenye asilimia zilizo chini ya 10.

Kanuni yenyewe ni fupi. Asilimia ni sehemu za mia, basi gawanya kwa 100: nukta inahama nafasi mbili kwenda kushoto. Ukitoka kwenye desimali, zidisha kwa 100, nukta inarudi kulia. Haya watoto wanayajua. Wasichokiona ni ukubwa wa namba waliyoiandika.

Mimi hutumia zaka, kwa sababu mtaani kwetu karibu kila mtoto ameisikia nyumbani: 2.5% ya mali iliyofika nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachotolewa zaka) na kupitiwa na mwaka. Mtu ana shilingi 200,000, atoe ngapi? Aliyeandika 0.25 anapata 50,000. Simkosoi. Namuuliza, 50,000 ni kiasi gani cha laki mbili? Anajibu robo, kisha anasita mwenyewe, maana hajapata kusikia zaka ya robo ya mali. Hapo tunarudi kwenye nukta: kutoka 2.5, hamisha mara moja upate 0.25, hamisha mara ya pili upate 0.025. Zaka ni 5,000.

Kwa watoto wa Kikristo natumia fungu la kumi, na hilo ndilo linalotupa kipimo ninachokipenda kuliko vyote. 10% ni 0.1. Kwa hiyo asilimia yoyote iliyo chini ya 10 lazima iwe na sifuri mara tu baada ya nukta. Mtoto akilishika hili, anajisahihisha bila mwalimu.

Sikiliza pia anavyosoma. 0.16 ni "sifuri nukta moja sita". Anayesema "nukta kumi na sita" atakushikilia kwamba 0.16 ni kubwa kuliko 0.5. Mwandikie 0.50 chini yake, alinganishe.

Akishazoea, mpeleke juu ya mia. VAT yetu hapa Kenya, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni 16%, basi feni ya shilingi 2,500 kabla ya kodi inalipiwa 116%, yaani 2,500 mara 1.16, ambayo ni 2,900. Kugeuza ndiko kugumu: ukimpa 2,900 na kumtaka bei ya kabla ya kodi, atatoa 16% ya 2,900 na kupata 2,436. Hiyo 16% ilihesabiwa juu ya 2,500, kwa hiyo dawa ni kugawanya 2,900 kwa 1.16. Mwache akosee kwanza, halafu aongeze kodi kwenye 2,436 aone kwamba hafiki 2,900.

Ukiwa umeajiriwa, mpe mazoezi ya makato ya mshahara. Bima ya afya ya SHIF ni 2.75%, ushuru wa nyumba ni 1.5%. Kwa mshahara wa 40,000, aandike desimali zote mbili kwanza, 0.0275 na 0.015, ndipo azidishe. Akileta 1,100 na 600, amepata.