Supu ya tambi ya Taipei kwa Mwislamu

Unauliza kama Mwislamu anaweza kula tu supu ya tambi na nyama ya ng'ombe ya Taipei, mji mkuu wa Taiwan. Hapana ndugu, kusema "nyama ni ya ng'ombe" hakutoshi kuifanya halali. Hapo Yong Kang, ule mgahawa wa tangu 1963 wenye foleni hadi barabarani, mbavu za nguruwe za kuchemshwa kwa mvuke nazo zimo kwenye menyu, tena watu wengi huziagiza pamoja na bakuli la supu. Jiko ni hilo hilo moja. Halafu supu nyekundu ya Taiwan, ile yenye mchuzi wa soya, kwa kawaida hutiwa pombe ya mchele nyama inapokaangwa na tangawizi na maharage makali yaliyovundikwa. Mvuke ukipanda utaisikia harufu ya anisi ya nyota na pilipili, pombe huisikii kabisa, ndiyo maana wengi hawajui.

Nimeishi Taipei na nilikuwa nasali Msikiti Mkuu, ule wa 1960 barabara ya Xinsheng Kusini. Cha kutafuta ni maandishi 清真 mlangoni, yanasomwa "qingzhen", maana yake halali. Migahawa hiyo ipo, mingine ni ya Waislamu wenye asili ya China bara, na supu yao nyeupe isiyo na soya mimi naipenda kuliko ile nyekundu: mchuzi mwepesi, mifupa imechemka saa nyingi, nyama inakatika kwa kijiti cha kulia.

Ila cheti cha halali kitazame mwenyewe siku unayokwenda, maana mgahawa hubadilisha mmiliki na mpishi.