Maswali na Majibu: Kuimba nyimbo za bustani za Fanny Hensel kwa kwaya inayosoma solfa

SWALI: Nafundisha kwaya ya sauti nne, waimbaji 40, na wote wanasoma solfa (nota za do, re, mi). Nimezisikia "Gartenlieder" nikazipenda. Je, zinaimbika bila kinanda? Tuanze na wimbo upi, na Kijerumani tutakiwezaje? Halafu, mbona programu nyingine za matamasha zinaandika Mendelssohn na nyingine Hensel?

JIBU: Mwalimu, nianze na jina, maana hapo ndipo programu nyingi huharibika. Mtunzi ni Fanny Hensel, dada mkubwa wa Felix Mendelssohn. Alizaliwa Hamburg tarehe 14 Novemba 1805, akakulia Berlin, na mwaka 1829 akaolewa na mchoraji Wilhelm Hensel. Nyimbo zake sita zilichapishwa kwa jina la Felix ndani ya opus 8 na opus 9 (opus ni namba ya kazi iliyochapishwa) za ndugu huyo, tatu kila kitabu, na mkanganyiko haujaisha hadi leo. Alianza kuchapisha kwa jina lake rasmi mwaka 1846, akiwa na miaka 40. "Gartenlieder", opus 3, zilitoka Berlin mwaka 1847, na tarehe 14 Mei mwaka huohuo alipatwa na kiharusi akiwa katika mazoezi ya tamasha la nyumbani kwake, akafariki. Andika "Fanny Hensel (1805–1847)". Ukiandika "Mendelssohn" peke yake, wasikilizaji watampigia makofi Felix, ambaye naye ana nyimbo zake za kwaya za kuimbwa nje, opus 41.

Zinaimbika bila kinanda kwa sababu ndivyo zilivyotungwa. Opus 3 ni nyimbo sita za soprano, alto, tenori na besi bila ala. Maneno ya wimbo wa 1, wa 2 na wa 5 ni ya mshairi Eichendorff, wa 3 ni ya mshairi Uhland, wa 4 ni ya mume wake, wa 6 ni ya mshairi Geibel. Ila waimbaji 40 ni wengi. Muziki huu ni wa kuimbiana karibu, kama ilivyokuwa kwenye matamasha yake ya Jumapili nyumbani kwake, pale Leipziger Straße 3. Chagua wanne hadi sita kwa kila sauti. Ukizidisha, maneno yanazama na sauti za kati hazisikiki.

Anza na wa 5, "Abendlich schon rauscht der Wald". Ni mfupi, mtulivu, na sauti zote zinakwenda pamoja kwa sehemu kubwa. Wa 1, "Hörst du nicht die Bäume rauschen", ufuate. Mingine iache mpaka hii miwili ikae sawa bila kuangalia karatasi.

Nota za asili ni za mistari, na skani za matoleo ya zamani zinapatikana bure kwenye intaneti, kwani haki ya mtunzi ilikwisha zamani. Toleo jipya la dukani ni jambo jingine: mhariri na mchapishaji wanaweza kuwa na haki juu ya kazi yao, kwa hiyo usilidurufu. Unapohamishia kwenye solfa, kazi kubwa ni alama za bahati, yaani nusu toni zilizo nje ya ufunguo. Hensel anapenda kugusa ufunguo wa jirani kisha kurudi. Ikiwa ni nota moja au mbili tu, andika fe au se (fa au so iliyopandishwa nusu toni) au ta (ti iliyoshushwa nusu toni), na "do" ibaki palepale. Ikiwa kifungu kizima kimehama, hamisha "do" kwa nota ya daraja, yaani nota moja yenye jina la zamani na jina jipya, na uifanye mwanzoni mwa mstari wa shairi, kamwe usikate neno katikati. Sauti zote nne zihame kwenye pigo moja. Besi akihama na alto akabaki, mtapoteza jioni nzima mkitafuta kosa ambalo liko kwenye karatasi wala si kooni. Tenori pia: kwenye ufunguo wa G (ile alama ya mwanzo wa mistari) wenye 8 ndogo chini, anaimba oktava moja chini ya kilichoandikwa.

Kijerumani ndicho kitakachowasumbua, na makosa yake yanatabirika. La kwanza ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi waimbaji watasema "aBENdlich" na "wunDERbar". Sahihi ni Abendlich na WUNderbar, mkazo mwanzoni. La pili ni irabu ya nyongeza mwishoni: Wald inakuwa "waldi", Grund inakuwa "grundu". Mwisho wa neno d husikika t, kwa hiyo ni "valt", "grunt", "runt", na ulimi unafunga hapohapo. La tatu ni au. Kwetu "dau" lina silabi mbili; "rausch-" ni silabi moja. Kaa kwenye a kwa karibu urefu wote wa nota, kisha u iguse mwishoni kabisa. Mkigawa "ra-u-shen", silabi zitazidi nota.

Herufi zenyewe hazina matata: w ni v, v ni f, z ni ts, sch ni sh, st mwanzoni mwa neno ni sht (stille, Stein), ei ni ai, äu ni oi, hivyo Bäume ni "boi-me". Kwa ö sema e huku midomo imeviringwa kama ya o. Kwa ü sema i kwa midomo ya u. Ch ya "nicht" na "dich" ndiyo ngumu: pandisha ulimi kama unataka kusema "hi", kisha pitisha pumzi tu bila sauti. Wengi husema "nisht" au "nikt", na yote mawili ni makosa. Kh ya "kheri", kama wanavyoitamka watu wa pwani, ina mahali pake pia: "nach" kwenye shairi la wimbo wa 5.

Fundisha kwa mpangilio huu: solfa bila maneno, maneno kwa mdundo bila tuni, kisha tuni kwa irabu pekee, na konsonanti mwisho. Ukianza na vyote kwa pamoja, makosa ya matamshi yatashikamana na tuni na hayatoki.

Kuhusu kushuka kwa ufunguo, yaani kwaya nzima kuteremka taratibu chini ya sauti iliyoanzia, ambako kwaya isiyo na ala huogopa: toa sauti kwa kinanda, imbeni wimbo mzima, kisha piga tena ile "do". Mkiwa mmeshuka chini ya nusu toni, tatizo kwa kawaida ni "mi" iliyo chini mno, au alto wanaoteremka hatua kwa hatua huku wamelegeza pumzi. Waambie wafanye hatua za kushuka ziwe ndogo na za kupanda ziwe kubwa. Mkishuka toni nzima, tafuta mahali penyewe: simamisheni mwisho wa kila mstari wa shairi na upime. Mara nyingi ni pale "do" ilipohamishwa, na dawa yake ni kuimba akordi (nota za sauti zote nne kwa pamoja) ya kabla na ya baada, polepole, mara kadhaa, kabla ya kurudia kifungu.