Rimoti ya pampu ya kuoshea madirisha: nilivyoharibu kwanza, na inavyofanya kazi sasa

Ndugu wa Kisumu, umeuliza kama unaweza kuweka rimoti kwenye pampu yako ya volti 12 ili usiwe unarudi kwenye pikapu kila ukitaka kuzima maji, na kama kontrola (kile kifaa kinachoongoza pampu) itaungua ukikosea waya. Unaweza. Mimi nilifunga yangu hapa Nakuru. Ya kwanza ilinitia aibu, ya pili ndiyo ninayotumia mpaka leo.

Wengine hapo juu wamekujibu kwamba funga tu bomba (koki) lililo kwenye mpini wa brashi, ya nini gharama. Nami nilikuwa nikifunga bomba. Shida ni kwamba ukifunga, pampu haina habari. Inaendelea kusukuma kwenye paipu iliyozibwa, viungo vinaanza kutoa jasho, kisha kontrola inang'amua njia imezibwa na inazima kila kitu. Utarudi kwenye pikapu tu. Na ukiacha wazi unapohamia upande wa pili wa jengo, unamwaga maji uliyoyahangaikia. Visima vya huku kwetu vina madini mengi, floridi ikiwemo, kwa hiyo siwezi kupandisha maji kwenye kioo kabla ya kuyapitisha kwenye mtambo wa kuchuja, la sivyo kioo kikikauka kinabaki na madoa meupe. Mtambo wenyewe unamwaga sehemu kubwa ili ukupe yaliyo safi. Kisha uyaone yakitiririka kwenye mtaro?

Sasa waya. Hizi rimoti za bei nafuu huja na kisanduku kidogo cha kupokea mawimbi ya megahezi 433, na ndani yake kuna rilei, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Yangu iliandikwa ampea 10, pampu imeandikwa 7, nikaona hesabu imekubali. Nilisahau kwamba mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko huo kwa kitambo kidogo, na kila unapokata, cheche huruka ndani ya rilei.

Siku moja naosha ghorofa ya pili ya jengo fulani mjini, nikabonyeza kuzima. Taa ya rimoti ikawaka vizuri, maji yakaendelea. Nikabonyeza tena. Dirisha la jirani lilikuwa limefunguliwa kupitisha hewa, na brashi yangu ikawa inamwagia zulia la ofisi ya watu. Kijana ninayefanya naye kazi akakimbia kwenye pikapu, akakigonga kisanduku kwa ngumi, pampu ikanguruma tu mpaka alipochomoa waya wa betri. Jioni nilipokifungua nikakuta vibati viwili vya rilei vimegandana kama vimechomelewa. Zulia tulilikausha sisi.

Kwa hiyo usiache rilei hiyo ndogo ibebe pampu. Iache iwashe rilei ya gari, ile nyeusi ya mraba ya ampea 30 au 40 ambayo duka lolote la spea linayo. Pini zake zina namba. Kutoka betri, waya chanya upite kwenye fyuzi (iwe karibu kabisa na betri), uingie pini 30, utokee 87 kwenda kwenye kontrola. Pini 85 iende hasi, na 86 ipokee umeme kutoka kwenye kisanduku cha rimoti. Kati ya 85 na 86 weka dayodi ya 1N4007 (kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ule mstari wake ukielekea upande chanya, ili mshtuko wa umeme wa koili ya rilei usirudi kwenye kisanduku. Ukiigeuza utaunguza fyuzi au kisanduku, basi tazama mara mbili.

Umeona rilei yangu inakata umeme kabla ya kontrola, si kati ya kontrola na pampu. Ukikata baada yake, kontrola inadhani pampu imekufa, au unaporudisha umeme pampu inashtuka kwa nguvu zote badala ya kuanza polepole. Na usiiruke kontrola kabisa, maana ndiyo inayolinda betri isiishe hadi chini.

Weka pia swichi ya mkono ya kukata kila kitu. Ningekuwa nayo siku ile ningeokoa zulia.

Kuhusu umbali, kisanduku changu kilisifiwa kufika mita 100. Ndani ya bodi ya chuma ya pikapu hata kona ya kwanza ya jengo ilikuwa taabu. Nilitoboa tundu dogo, nikatoa nje antena ya waya yenye urefu wa sentimita 17 na kidogo, wima, mbali na chuma. Sasa nazunguka jengo la kawaida bila wasiwasi.

Chagua mpangilio wa vitufe viwili, kimoja kuwasha na kingine kuzima. Ule wa kitufe kimoja kinachowasha na kuzima utakuchanganya, kwa sababu ukizima, maji hayakatiki papo hapo. Paipu ndefu imevimba kwa presha, itaendelea kutoa sekunde kadhaa. Ukidhani haijasikia ukabonyeza tena, umeiwasha. Mimi siku hizi nazima kabla sijamaliza kioo cha mwisho, na yale maji ya paipu ndiyo yanayosuuza.

Rimoti yenyewe niliivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli nikakifunga ncha zote mbili. Vitufe vinabonyezeka na maji hayaingii. Ivae shingoni kwa kamba. Niliwahi kuiweka mfukoni, nikakaa kula githeri, na niliposimama tangi lilikuwa tupu.