Wastani wa 25 si zege la 25

SWALI: Shikamoo mhandisi. Najenga ghorofa moja Iyumbu, hapa Dodoma. Mchoro unataka zege la daraja la 25. Kyubu tatu (vibonge vya majaribio vya zege) za nguzo zilivunjwa maabara siku ya 28, zikatoa newtoni 31, 26 na 18 kwa milimita ya mraba. Fundi anasema wastani ni 25, tumefaulu, na programu ya usanifu imeshaweka akiba ya moja na nusu. Nimwage slabu?

JIBU: Marahaba. Usimwage.

Ile 25 ya kwenye mchoro si wastani. Ni kiwango ambacho kipimo kimoja tu kati ya ishirini kinaruhusiwa kushuka chini yake. Zege lenye wastani wa 25, karibu nusu yake liko chini ya 25! Vipimo vikitawanyika kwa kawaida newtoni 5 hivi kutoka kwenye wastani, jambo la kawaida kwa zege la kupimwa kwa ndoo, inabidi ulenge wastani wa 33 hivi. Kanuni ya Ulaya, EN 206, kwa matokeo matatu ya mwanzo hudai wastani usiopungua 29 na lolote lisishuke chini ya 21. Yako yameanguka kotekote.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni hiyo "akiba", maana naisikia kila saiti. Kigawanyo cha 1.5, yaani namba ambayo nguvu ya zege hugawanywa nayo kwenye hesabu, huanzia kwenye 25 ya kweli. Kazi yake ni kufidia tofauti ya kyubu iliyolazwa majini na zege lililokaukia kwenye nguzo juani, pamoja na vipimo vya nguzo vilivyopotoka kidogo. Hakikuwekwa kwa ajili ya mchanga wa korongoni wenye udongo, wala maji anayoongeza kibarua ili zege limwagike kirahisi. Programu uliiandikia 25, ikaamini 25. Hata ukitumia Monte Carlo, ukarudia hesabu mara elfu kumi kwa namba za bahati nasibu, mtawanyiko wa uongo utakurudishia uongo wenye desimali nne.

Tafuta ile 18 ilitoka mchanganyiko upi na nguzo zipi. Nyundo ya Schmidt, kifaa cha kugonga uso wa zege na kupima linavyorudisha pigo, itaonyesha zilizo dhaifu, kisha maabara itoboe na kuvunja vipande vya zege lenyewe, msanifu akokotoe upya.

Na wengine mnaojenga mbiombio tangu serikali ihamie huku: wapo wanaofinyanga kyubu pembeni kwa sementi ya ziada ili cheti kipendeze. Huo ni uhalifu. Simameni hapo kyubu zinapojazwa kutoka zege lile lile linaloingia kwenye nguzo, na msipokee cheti chenye wastani pekee. Daini kila namba, tarehe yake na nguzo yake.